Safu Ambayo Baba Hakuipima

Nyumbani kwa Baba,
Nyuma ya duka la dawa,
Jumapili asubuhi, tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, wewe, wifi na wale mapacha wako watundu. Kifua je, kimepona? Wifi aliniambia unakohoa na dawa hutaki. Kunywa dawa, Kaka, usijifanye jabali. Sisi huku wazima. Mama anasumbuliwa na jino moja la mbele, basi anaongea ameziba mdomo kama bi harusi.

Najua utauliza kwa nini sikupiga simu. Nilijaribu, haki ya nani! Nikafika katikati nikaanza kulia na kucheka kwa pamoja, nikakata kabla hujapokea. Afadhali niandike. Kaa chini kwanza. Umekaa? Baba ametembea! Si kutoka kitandani hadi uani, la. Ametembea njia yote ya ufukweni, mpaka benchi la kumi na moja!

Wewe unajua hali tuliyokuwa nayo. Tangu kiharusi kimpige mwaka jana, mguu wa kulia ulikuwa mzigo, na yeye kanuna kwenye kiti chake pale dirishani. Daktari wa viungo alikuja mara tatu, mara ya nne akafungiwa mlango. Mimi nilishakata tamaa, sikufichi.

Kilichomwinua ni habari niliyoileta mwenyewe kutoka saluni. Wateja wangu wote wanatembea njia ile kila alfajiri, wakirudi ndio nawasuka, kwa hiyo hakuna jambo la ufukweni linalonipita. Nikamwambia tu, huku namenya viazi, kwamba halmashauri inabandua matofali yote ya njia ile na kupanga mapya, na wataanzia mwisho, kwenye benchi la kumi na moja. Weee! Baba aligeuka akanitolea macho. Akauliza lini. Nikamwambia baada ya wiki sita. Akasema nimletee viatu.

Njia ile aliijenga yeye, hilo unalijua. Lakini je, umewahi kumwona akivuka benchi la kumi? Fikiria vizuri. Tulipokuwa wadogo, kila tukifika pale alisema amechoka, tunageuza. Amechoka! Mtu aliyekuwa anabeba mifuko miwili ya saruji.

Basi tukaanza. Wiki ya kwanza benchi la kwanza, jasho linamtoka chapachapa. Ya pili tukafika la tatu, akaanguka, nusura nizimie mimi. Watembeaji wakamzoea. Yule mwalimu mkuu mstaafu mwenye soksi nyeupe akawa anamhesabia hatua kwa sauti kama yuko gwaride, na nesi mmoja anamsubiri kila benchi na chupa ya maji. Alama za kila siku nilizichora kwa chaki kwenye mlango wa jiko, Mama akanigombeza, kisha akawa wa kwanza kuziangalia.

Wiki ya sita tulikuwa bado benchi la nane. Mafundi wameshafika na sururu zao. Jana asubuhi Baba akapiga moyo konde, akachukua fimbo na ile pima maji yake ya zamani ya kupimia usawa, akaifunga kiunoni kwa mkanda. Nilidhani ni mambo ya uzee. Tulipumzika mara kumi na saba, Kaka, nilihesabu. Alitembea ameniegemea begani. Kwa mbali nikaona sururu zinanyanyuka, nikapiga kelele wasimame. Unaijua sauti yangu. Walisimama hata wasiohusika.

Unakumbuka lile dimbwi pale mwisho, mvua ikinyesha watu wote wanaliruka? Wewe ndiye uliyekuwa bingwa, unaruka miguu yote miwili na viatu vya shule. Mji mzima unapacheka mahali pale, na hakuna aliyejua kwa nini maji yanatuama hapo tu. Baba akajishusha taratibu, akapiga magoti, akaweka pima maji juu ya safu ile. Kile kipovu kikakimbilia pembeni kikabaki huko huko.

Akaanza kusema, na sisi wote, mafundi na watembeaji, tumemzunguka. Siku ile ya kumalizia njia alikuwa amebakiza safu moja, matofali kumi na mawili, na saruji imeshakorogwa. Mara jirani yetu fundi cherehani anakuja mbio mchangani, futi yake inaning'inia shingoni, anapiga kelele kwamba ni mtoto wa kiume. Ni wewe, Kaka. Baba akayatupia yale matofali kumi na mawili bila kupima hata moja, akatimua mbio hadi hospitali. Mama anakumbuka aliingia wodini na mwiko mkononi, wakamtoa. Aliporudi kesho yake saruji imeshakauka. Aibu ikamshika, hakumwambia mtu. Miaka thelathini na minane!

Injinia anayesimamia kazi, binti mdogo tu, akamuuliza kwa upole ilikuwaje fundi kama yeye asahau kupima. Baba akajibu, "Furaha ilinizidi, mwanangu." Mwalimu mkuu akavua miwani akaifuta, na haikuwa na vumbi.

Kaka, mimi sijasahau ulichoniambia siku unaondoka, pale kituoni. Ile rafu ya vitabu uliyoitengeneza shuleni, Baba akaiwekea pima maji akasema imelala upande, ukaivunja kuni. Uliniambia kwamba machoni pake hakuna chako kitakachonyooka. Nimekaa na neno hilo miaka yote. Sasa nakwambia mimi: mzee yule amepima kila kitu maishani mwake, hata meza ya harusi yangu aliipima, nawe ndiye pekee uliyemfanya asahau.

Safu imesawazishwa. Tofali la kwanza jipya alilipanga yeye kwa mkono wa kushoto, akalipima mara tatu. Ila aliomba moja la zamani la safu ile, mafundi wakalileta nyumbani kwa toroli, na watembeaji wakafuata nyuma kama msafara. Limewekwa mlangoni. Nilitaka kuliwekea pima maji, akanipokonya.

Msalimie sana wifi, na mapacha uwabane mashavu kwa niaba yangu. Mama anakusalimu kwa mdomo ulioziba, shemeji yako naye anauliza lini mtacheza bao. Mungu akulinde uendako, akuponye hicho kifua, akurudishe salama kwetu.

Ni mimi mdogo wako, nisiyeacha kukupenda wala kukusumbua,
Chiriku.

Nilikuwa nimeshafunga bahasha, nimeifungua tena. Mvua imenyesha sasa hivi na maji yametuama kando ya tofali pale mlangoni. Nikachukua ufagio, Baba akanikataza. Anasema niyaache, ni ya kwako kuruka.