Daftari Lenye Alama za Mawese

Mama Yohana,

Daktari amesema moyo wangu umechoka. Alianza kwa shikamoo, akasema kwa upole, kwa hiyo sikubishana naye. Nadhani tutaonana kabla mvua hizi hazijakatika. Lakini lipo jambo ambalo lazima ulisikie kwangu kwanza, nisije nikafika huko nikajifanya sijui.

Habari za nyumbani ni chache. Ule mchikichi wa nyuma ya jiko uliangushwa na upepo, ukakosa paa kwa hatua mbili. Jirani yetu Mama Rehema bado anauza dagaa soko la Mwanga. Kila asubuhi ananiletea uji, na nisipoumaliza ananigombeza. Kanisani siendi tena. Wazee wenzangu huja Jumapili mchana, wanaimba beti mbili, wanakula, wanaondoka.

Sasa jambo lenyewe. Ni lile daftari.

Kila Jumamosi, ukishaanika dagaa, ulikaa mkekani ukasema, "Mwalimu, chukua kalamu." Hukujua kusoma. Nilifundisha watoto wa watu kusoma miaka thelathini, wewe sikukufundisha. Hilo nalo ni kosa langu. Ulitaja haja zako kwa Mungu, moja moja, nami nikaandika. Kisha ulichovya kidole gumba kwenye mawese, ukakibandika pembeni ya kila mstari. "Hiyo ndiyo sahihi yangu," ulisema. "Imana anaijua." Mungu ulimwita kwa Kiha hata mbele ya mchungaji.

Yohana wetu alipotoka Kibirizi kuvua, na boti yao ikapatikana bila watu, niliandika kila Jumamosi, "Mrudishe Yohana." Niliandika kwa moyo wote. Kisha tukaweka matanga bila mwili. Jumamosi iliyofuata ulisema, "Andika: asante kwa miaka ishirini na miwili ya Yohana."

Mkono ulikataa. Niliandika, "Upepo wa kusini. Maboti hayakutoka." Ukabandika kidole chako.

Hivyo ndivyo nilivyoishi miaka tisa. Wewe ulitaja wagonjwa, wajane, shangazi yako wa Kidahwe. Mimi niliandika hali ya ziwa. Ulipotaka nikusomee ya wiki iliyopita, nilitunga papo hapo, kama mwalimu aliyeingia darasani bila maandalizi. Na Jumapili nilisimama mbele ya watu, mzee wa kanisa, nikawaambia wafiwa wamtumaini Bwana. Nilisema vizuri. Watu walilia. Nami sikuwa nimeomba neno moja tangu matanga ya mtoto wetu. Sikumkana Mungu. Niliacha tu kumsalimia.

Ulikufa ukiamini maombi yako yamo mle. Hilo ndilo nililokuja kuungama.

Wiki iliyopita nilimpa Mama Rehema daftari alitie kwenye moto wa jiko, wajukuu wasije wakalikuta. Akalifungua, akacheka.

"Mwalimu, hili la upepo? Mama Yohana mwenyewe aliniletea nimsomee, mwaka ule ule wa msiba."

Nikamuuliza ulisema nini.

"Mimi ndiye niliyekasirika. Nikamwambia, dada, mumeo anakudhihaki. Akacheka mpaka akashika ubavu. Akasema, 'Mwache. Kuomba kumemshinda, lakini kila Jumamosi anakwenda kulitazama ziwa lililomchukua mwanawe. Akiandika, mimi natia kidole. Imana hana haraka za walimu.' Haya, maliza uji."

Uji ulikuwa umepoa. Niliumaliza.

Motoni halikuingia tena; nimelisoma daftari lote. Mawimbi, mawingu, maboti yaliyotoka, maboti yaliyorudi, na kila mstari una kidole chako. Karatasi imekuwa na rangi ya chungwa pembeni. Sisemi kwamba sasa naelewa. Yohana hakurudi, na sababu sijaambiwa. Lakini nilidhani miaka ile yote nilikuwa nimenyamaza mbele ya Mungu, kumbe wewe ulikuwa unamkabidhi hata ukimya wangu.

Leo asubuhi nimeomba mawese kidogo kwenye kisahani. Mama Rehema akauliza, "Ya kulia nini, na uji una sukari?" Nikamwambia nataka kutia sahihi. Akasema, "Wazee nyie," akaenda kuyaleta.

Nimeandika, "Asante kwa miaka ishirini na miwili ya Yohana." Mwandiko ni mbaya, ungekuwa wa mwanafunzi wangu ningemrudishia. Nimebandika kidole. Kisha nimemsalimia Mungu, kwa maneno machache, kama mtu aliyepotea njia ya nyumba aliyokuwa ameizoea.

Pumzika, Mama Yohana. Jumamosi zilizobaki nitaandika yale uliyonituma, kama ulivyoyasema, nikianza na shangazi wa Kidahwe. Mwambie Yohana kwamba baba yake alichelewa, lakini anakuja.

Mwalimu wako