Maboksi ya Kona

4 Februari

Baba yangu mpenzi,

Shikamoo. Mimi sijambo. Je, presha ya macho? Matone unatia kweli, au unamwambia jirani umetia?

Nilikuahidi Aprili nitakuwa nyumbani, ungali unaniona. Sasa tajiri wangu anasema pasi yangu ya kusafiria itatoka kabatini kwake nikimaliza stoo ya reli. Usicheke, ni reli za treni za kuchezea, wanazinunua watu wazima na ndevu zao. Maboksi arobaini ya vipande vya kona vilivyokwishatumika, havina alama, na kila kimoja lazima niandike ukubwa wa duara lake. Kwa macho vyote ni sawa. Wewe umelaza reli za kweli miaka thelathini na moja. Nifanyeje?

Mwanao

19 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, ila jicho la kushoto limejaa ukungu. Matone natia. Jirani ni mmbea.

Hiyo mbona kazi ndogo? Vuta uzi ncha hadi ncha ya reli ya nje, ubavu wake wa ndani. Usilegee. Pima urefu wa uzi, halafu katikati ya uzi pima kina mpaka kwenye reli. Urefu uuzidishe kwa wenyewe, ugawe kwa mara nane ya kina. Kona zenu ni kali, kwa hiyo ongeza na nusu ya kina. Hapo umepata nusu ya upana wa duara. Ndivyo tulivyofanya, na hakuna treni iliyoanguka kwangu.

Njoo upesi, mama.

Babako

11 Mei

Baba,

Shikamoo. Aprili imepita na sikuandika, nilikuwa na aibu.

Nilimaliza Machi. Wateja wakarudisha mzigo, reli hazikukutana. Kumbe za kuchezea hupimwa katikati ya reli mbili, si kwenye reli ya nje. Vibandiko vyote vilizidi milimita nane. Nikapunguza nane kila kimoja, wiki moja kazi ikaisha, hakuna kipande kilichorudi. Tajiri alifurahi mno. Ameleta maboksi mia moja mengine. Nikamwomba pasi, akasema, "Mtu kama wewe namwachiaje?" Mlango wa stoo anaufunga kwa nje.

Jicho la kulia likoje?

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Mwandiko huu ni wa jirani, mimi nasema tu. La kulia nalo linaelekea kuzima. Nauona mwanga wa dirisha, basi.

Nimekufunga mimi kwa uzi wangu. Maisha yangu yote sijawahi kumfundisha mtu kuharibu kazi, lakini leo nakuagiza: kosea. Andika ovyo mpaka akuchoke, akutupie pasi yako. Jirani anaguna, mwache agune. Nataka kukuona.

Babako

28 Juni

Baba,

Shikamoo. Nimelia niliposoma.

Nilifanya ulivyoniagiza. Kipande cha milimita mia tatu na sitini nikakiandika mia tatu na tisini. Nikafanya hivyo boksi zima. Kabla ya tajiri kuja nikabandua vibandiko, nikaandika sawasawa. Siku ya pili vilevile. Ya tatu vilevile. Mkono hautaki, baba, na nakukasirikia kwa hilo, halafu najikasirikia mwenyewe.

Yamebaki maboksi themanini na sita. Mwambie jirani akusomee polepole.

Mwanao