Nyuma ya Déo

Lydie, Déo ameshindwa. Hata sijui kama hilo ndilo neno lenyewe.

Si unajua jumuiya yetu ya Sydney nzima leo ilikuwa inachagua mtetezi, yule wa kupokea malalamiko juu ya viongozi? Mwenyekiti akaamua palepale ukumbini, mtaani kwetu Liverpool: hakuna karatasi, kila mtu asimame nyuma ya mtu wake. Na yeye yuko mbele anaangalia.

Nyuma ya Déo hakusimama mtu. HATA MMOJA. Wale wote wa kumpigia simu, "Kaka Déo, tusemee," walipanga mstari nyuma ya shemeji wa mwenyekiti.

Déo kasimama tu, mikono mfukoni. Akageuka kuangalia nyuma. Mara moja tu.

Sasa tuko garini, anaendesha. Simu yake imelia. Mama Aksanti, aliyekuwa wa kwanza kwenye ule mstari! "Kaka Déo, huyu mwenyekiti amezidi, tusemee." Akamjibu, "Sawa, mama." Sawa, Lydie. Sawa!

Halafu akaniuliza polepole, mimi mke wake nilikuwa wapi.

Ndiyo nakuandikia wewe. Nilikuwa jikoni na sambusa. Mlango ulikuwa wazi, na nilimwona alipogeuka.