Kikohozi cha Jenerali Tetsubei

Ijumaa, 28 Juni

Gemu imetoka leo. Mvua tangu asubuhi, Kokura nzima inanuka mwavuli mbichi, lakini pale dukani, kwenye jengo la katuni, vijana walipanga foleni mpaka mtaa wa pili. Haya, mpaka kwenye ngazi. Nilisimama nyuma yao nikakohoa, nione kama kuna atakayeitambua sauti. Hakuna aliyegeuka. Hawajacheza bado, watajuaje!

Dada Fumie haambiwi hili, kwa hiyo naliandika hapa: mwanawe Shungo anatengeneza gemu za watu wazima. Ni ya vita, ndiyo. Visiwa, majeshi, maghala ya mchele, mkondo wa bahari unaogeuka kama huu wetu wa Moji. Lakini ukishinda vita, jemadari wa kike uliyepigana naye anakuita chumbani, na picha alizochora binti Mizuho, mchoraji wa ofisi ya Shungo, si za kutundika sebuleni. Wanawake wanane. Mwanamume mwenye sauti mmoja tu: Jenerali Tetsubei, mzee wa ushauri, anayekuambia lini mkondo utageuka, lini uvuke, lini utulie. Huyo ni mimi.

Koo kama langu Kyushu halipo. Nimeuza ndizi kwa mdomo pale stesheni ya Moji, nikigonga meza kwa fimbo na kuimba bei inavyoshuka. Siku ya kimbunga kikubwa sauti yangu ilivuka mlango wa bahari ikatua Shimonoseki. Mama mmoja akapanda feri kuja kuuliza kama ile chane bado ipo. Nilikuwa nimemwekea.

Tulirekodi ndani ya kabati la magodoro, ofisini kwa Shungo. Siku ya kwanza alinisihi nirudi nyuma, maiki itapasuka. Maneno aliniandikia kwa herufi za watoto. Zile ngumu za Kichina na mimi tuliachana mapema, shuleni.

Jumapili, 30 Juni

Nimecheza siku nzima. Niseme ukweli wangu.

Uzuri wake: vita ni vita hasa. Ukipeleka jeshi bila mchele, linakula farasi. Ukimsahau jemadari wako, anahamia kwa adui, na ana haki. Ukungu ukishuka baharini huoni kitu, unabaki na sauti ya mzee peke yake. Hapo nilisisimka mwili. Nilisahau kuwa mzee ni mimi.

Ubaya wake: ndefu mno. Na zile picha zinakatiza. Uko katikati ya kuzingira ngome, jasho linakutoka, mara mtu anafungua kimono. Nikabonyeza mbele. Mizuho akiona hivyo atalia, kazichora mwaka mzima.

Kwenye ramani za mwisho za gemu sauti yangu ina mchanga ndani. Na vikohozi. Shungo hakuvikata. Anasema vinamfaa mzee.

Tambi nene za udon za kukaanga nimeshindwa kumaliza. Zinashuka kama kamba yenye mafundo.

Alhamisi, 4 Julai

Bora nisingekwenda.

Shungo alikuwa akisoma maoni ya wachezaji mtandaoni. Wanasifu mkondo wa bahari, wanasifu mchele, wanasifu picha. Nikamuuliza kuhusu Tetsubei. Akajifanya anatafuta miwani. Nikamwambia asome, mimi nimeshatukanwa na mabaharia wa Kirusi, sivunjiki.

Akasoma. Mmoja anasema mzee anaua hamu. Mwingine anasema ni kama babu yake kakaa nyuma ya kiti. Wa tatu anawafundisha wenzake: ingieni sehemu ya marekebisho, sauti za wanaume, zima.

Sikujua kama kuna swichi hiyo. Shungo anasema gemu zote za namna hii zinayo, ni kama choo ndani ya nyumba, hujengi bila hicho. Wengi wanaizima kabla hata hawajaanza. Wanazima wanaume wote, yaani mimi.

Mizuho akanimiminia chai, akasema na picha zake wanaziruka wale wanaopenda vita. Alitaka kunifariji. Nikamwambia mimi nazomewa tangu hajazaliwa. Nilitembea mpaka nyumbani bila kufungua mwavuli.

Jumatatu, 8 Julai

Mambo yamegeuka! Shungo alipiga simu akitweta. Kuna mchezaji kaandika kwamba kazi ya Tetsubei imefichwa kwenye kikohozi. Akikohoa kabla ya kusema, usivuke, utazama. Wenzake wakajaribu, wakaona kweli. Sasa wanaambiana warudishe sauti za wanaume.

Shungo akaniuliza taratibu: Mjomba, ulifanya makusudi?

Jibu naliandika hapa, kwingine siliandiki. Ramani ngumu tulizirekodi mwisho, na mwisho ndipo kifua kilianza kunisumbua. Basi. Hakuna hila yoyote.

Lakini nilimwambia: mwanangu, mimi nimeuza ndizi mbovu kwa kupumzisha ulimi mahali panapofaa, unadhani kikohozi kinanishinda? Akacheka mpaka akakosa pumzi. Akasema mimi ni hazina. Sijaitwa hazina na mtu tangu marehemu mama.

Kabla ya kukata simu akanisomea na kichekesho. Muuguzi mmoja anayecheza gemu yetu kaandika: mzee huyo wa ramani za mwisho, jamani, mtu ampeleke hospitali. Tukacheka wote wawili.

Jumanne, 16 Julai

Nilikwenda.

Daktari wa koo ni mwanamke, kijana, mikono baridi. Kaingiza mrija wenye kamera puani. Kwenye kioo chake niliiona sauti yangu. Kumbe ni vipande viwili vya nyama, vidogo kama midomo ya samaki. Kimoja kimevimba, cheupe, kibaya.

Alichora shingo kwenye karatasi, akapiga mstari. Kisanduku cha sauti kinatoka chote. Chini ya mstari linabaki tundu la kupumulia. Nikamuuliza kidogo hakibaki? Akasema hakibaki. Nikamuuliza nikikitoa nitapona? Akaangalia karatasi yake, akasema tutajitahidi. Nikamuuliza nisipokitoa? Hapo hakuangalia karatasi.

Kuna kifaa, anasema, unakibana shingoni kinaongea kama roboti. Nikamwambia jaribu kuuza ndizi nacho. Hakucheka. Mchekeshaji mimi, na hakucheka.

Alitaka nije na ndugu. Nikasema wote wako safarini. Kulazwa Jumatano ya wiki ijayo, asubuhi, nisichelewe. Kitanda kikipotea, cha pili hajui lini, na uvimbe haungoji.

Jumamosi, 20 Julai

Sikukuu ya ngoma za Gion. Mji wote unapiga. Zamani nilikuwa nikizizidi ngoma hizo kwa mdomo, polisi walikuja kuniomba nipunguze ili wapiga ngoma wasikie mapigo yao. Leo nimeagiza bia kwa kunyoosha kidole.

Shungo kanikuta kwenye kibanda. Uso unang'aa. Anatengeneza toleo jipya: kila ramani, kila onyo, Tetsubei anakohoa kwa namna yake. Kikohozi cha dhoruba, cha usaliti, cha njaa. Maduka yameanza kuagiza tena. Anasema bila hiyo angefunga ofisi mwezi huu, Mizuho angerudi kwa mama yake. Anataka turekodi Jumatano. Kabati lishasafishwa.

Ningemwambia. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini najua angefanya nini: angenibeba hospitali usiku uleule, angekata vile vikohozi vyote kwa aibu, na wale vijana wangerudi kwenye swichi yao. Nani ataisikia sauti hii tena? Mimi mwenyewe sitaisikia.

Nikasema: Jumatano, sawa. Nikasema nitaleta vikohozi ambavyo Japani haijawahi kuvisikia.

Mizuho alikuwa naye. Shungo alipokwenda kununua pweza wa kuchoma, Mizuho akaniinamia sikioni, ngoma zinapiga.

"Mzee Katsuji, kile kikohozi ni cha kuigiza kweli?"

Nikamwambia nilikinunua kwa baharia wa Busan. Naye hakucheka. Wanawake wa mwezi huu hawacheki.

Jumatano, 24 Julai

Niko kwenye ngazi za nje, ofisini kwa Shungo. Begi miguuni. Pajama, kandambili, mswaki. Nilipanga nipite hapa asubuhi mapema, nimalize upesi, kisha hospitali. Sasa jua liko utosini.

Shungo aliliona begi. Nikasema nakwenda Beppu kuoga kwenye chemchemi za moto. Akaagiza mayai ya mvuke. Nikamwahidi trei nzima.

Ndani ya kabati joto la kuoka mtu. Nikaanza. Akasema sogea kwenye maiki, Mjomba, sikupati. Nikasogea. Sogea tena. Mpaka mdomo ukagusa kitambaa cha maiki. Mimi! Ambaye Shimonoseki walinisikia.

Cha kwanza nilikiigiza. Akasema hapana, hicho cha uongo, wachezaji watajua. Nikaigiza kingine. Hapana. Cha tatu sikukiigiza. Kilikuja chenyewe kutoka chini, kikanikunja, nikajishikilia kwenye ukuta wa kabati na macho yakaona nyota. Kisha sauti ya Shungo, imejaa furaha kama siku aliponunuliwa baiskeli:

"Hichohicho, Mjomba. Pumzika kidogo, halafu unipe kama hicho kwa kila ramani."

Ndiyo mapumziko haya. Leso nimeikunja, nyekundu iko ndani. Simu inatetemeka mfukoni, namba ya hospitali, ikikatika inaanza upya. Mizuho katoka, kasimama mlangoni. Anaangalia begi. Anaangalia leso. Nimemwonyesha kidole mdomoni, anyamaze. Naona anatafuta maneno.

Nimefungua chupa ya maji. Shungo anaita kutoka ndani, anasema nisinywe kwanza, maji yatakiharibu kikohozi.