Nani Alifungua Sufuria ya Tamales?

Mpendwa Bi Refugio, pokea heshima zangu na unisaidie kwenye safu yako ya gazeti, maana binti yangu Zulema, ana miaka saba, hana subira hata chembe na mimi nimechoka, na si kwamba nimekaa tu, la, nilisoma kwenye simu kwamba mtoto hufundishwa subira kwa kazi za kawaida za nyumbani, kukanda, kuchambua maharage, kungoja chakula kiive, nikasema basi tuanzie hapo, kwa kuwa siku ya Wafalme Watatu tulipokata mkate, kidoli kilichofichwa ndani kilitokea kwenye kipande chake, na unajua anayepata kidoli ndiye wa kuulisha ukoo tamales, madonge ya mahindi ya kufunga kwenye maganda na kupika kwa mvuke, tarehe mbili Februari.

Siku hiyo wangekuja watu thelathini, wa kwanza mama mkwe wangu Bi Eduviges, basi nikamketisha Zulema mezani nikampa kijiko na maganda ya mahindi apake donge la unga, akapaka ganda moja kama anapaka rangi ukuta wa kanisa, pembe kwa pembe, ulimi nje, kufika la tatu nikamnyang'anya kijiko kwa sababu kwa mwendo ule tungekula Pasaka, nikampa kazi ya kupima donge, unatupa kidonge kwenye glasi ya maji, kikielea donge limepigwa vya kutosha, chake kikazama, akasema, "Mama, bado," nikamwambia, "Limetosha, usinifundishe kazi," akanuna. Tukapanga sufuriani, nikatia sarafu chini kwenye maji nikamwambia akae aisikilize ikigonga, ikinyamaza maji yamekwisha, akakaa, baada ya kama saa nzima akauliza, "Mama, zimeiva?" sasa unaona, hana subira, nikafunua kifuniko nimwonyeshe kuwa bado, ili ajifunze, kisha nikafunua tena kuhakikisha, na tena, labda mara saba.

Wageni wakafika, tamales ni uji mtupu ndani ya maganda, Bi Eduviges akauliza mbele ya wote, "Nani amefungua sufuria?" na mimi ulimi ukateleza nikasema, "Zulema alinuna jikoni." Nawe unajua tunavyosema, jikoni pakiwa na mwenye hasira tamales hazishiki mpaka acheze mbele ya sufuria, watu wakacheka, shemeji yangu Rutilio akasema, "Haya, mwenye kisirani acheze mbele ya sufuria ziive!" wakapiga makofi, mtoto akacheza huku analia, Rutilio anamrekodi. Bi Eduviges hakucheka, alinitazama mimi, akaenda kuchochea moto.

Tangu hapo Zulema haingii jikoni, anasimama mlangoni anauliza, "Mama, nikiingia chakula kitaharibika?" na juzi aligombana na mwenzake shuleni akarudi akala uani peke yake, ati asituharibie supu. Jumapili tuna ubatizo, Bi Eduviges anakuja kupika tamales kwangu na anataka Zulema amsaidie, mtoto hataki hata kusikia. Nimfundisheje subira mtoto wa namna hii?

Yadira, Uruapan

*

Yadira,

Barua yako nimeisoma mara mbili nikimtafuta huyo mtoto asiye na subira. Sijamwona. Nimemwona mtoto aliyepaka ganda mpaka pembeni. Nimemwona mtoto aliyesema donge bado, na kweli lilikuwa bado! Nimemwona mtoto wa miaka saba aliyekaa saa nzima akisikiliza sarafu. Saa nzima, mama! Wewe kwenye kituo cha basi unakaa dakika ngapi kabla hujaanza kutukana? Kauliza swali moja tu, wewe ukafunua mara saba, halafu unaniambia ulikuwa unafundisha.

Eti ulimi uliteleza. Ulimi gani huo unaoteleza na kuangukia mtoto? Uliulizwa nani amefungua sufuria. Jibu lilikuwa "mimi". Ulimwogopa mama mkwe, ukamsukuma binti yako mbele.

Najua mama mkwe anatisha. Wangu alikuwa akipitisha kidole juu ya kabati kutafuta vumbi, na mimi nikijificha chooni. Kwa hilo pole, kutoka moyoni. Lakini mimi nilijificha mwenyewe, sikumtoa mtoto.

Na habari za hasira jikoni usinichoshe. Mama yangu alipika akimlaani baba tangu asubuhi hadi jioni, na tamales zake zilishika vizuri kabisa. Kumchezesha mtu mbele ya sufuria ni mzaha wa watu wazima wenye njaa, na hufanyiwa anayecheka. Zako hazikushika kwa sababu donge halikupigwa na mvuke ulitoka wote. Na huyo Rutilio, mwambie aifute hiyo video, uione ikifutwa kwa macho yako.

Jumapili usipike. Chambua kuku, osha vyombo, ukishindwa kutulia kalia mikono yako. Donge apime Zulema, na akisema bado, ni bado. Maganda apake yeye kwa mwendo wake, hata kama ni kumi tu. Kifuniko kiwe chini ya amri yake, na wewe ukitaka kufunua umwombe ruhusa. Hapo ndipo utajifunza subira, kwa sababu mwanafunzi ni wewe.

Bi Eduviges naye, kwa kuwa gazeti hili linafika kila nyumba, ajue nimemwona. Mtu aliyepika tamales maisha yake yote hahitaji kuambiwa nani alifungua sufuria. Alikutazama wewe, kwa hiyo anajua, na amenyamaza akingoja ukiri. Bibi, kungoja mtu mzima aone aibu huku mjukuu anakula uani si subira, ni ukaidi.

Lakini usingoje Jumapili kumwambia mtoto. Wewe unaujua ukweli, Bi Eduviges anaujua, na mimi naujua, asiyeujua ni Zulema peke yake. Yeye anaamini kwamba akikasirika anaharibu chakula cha watu, na amejitenga mwenyewe ili ninyi mle salama. Leo akitoka shule, kabla hajavua sare, mketishe umwambie: "Tamales ziliharibika kwa sababu mimi nilifungua sufuria, si kwa sababu ulinuna. Nilikusingizia kwa sababu niliogopa." Kisha unyamaze. Atalia, au atakukasirikia, na hasira hiyo ni haki yake. Usimharakishe.