Chuma Kikishiba

Jumanne, 10 Juni 2025

Mashine ya kuchomelea ya mteja wetu Didas imerudi tena kutoka Chunya. Inavuta umeme kupita kiasi, inatoboa vyuma vya karasha lake la kusagia mawe badala ya kuviunga. Mzee Jailos, mwenye karakana, akasema mbele yake kwamba kosa ni la Tekla, yeye ndiye aliyesuka koili. Mimi! Akasema ikirudi mara ya tatu, nifungashe nirudi Kilolo nikalime viazi.

Sirudi.

Jumatano, 11 Juni

Nimeifungua. Koili mbili, chuma kimoja — ndizo zinazozuia umeme usipite wote kwa mkupuo. Mizunguko yangu iko sawa, nimehesabu mara mbili. Lakini aliyeunganisha ni Mzee, na koili moja ameigeuza! Zinapingana, moja inafuta kazi ya mwenzake. Nikabadilisha ncha, nikapima kwa taa ya gari. Taa ikafifia, maana yake umeme unazuiwa. Sasa zinasaidiana. Mzee akasema ni bahati.

Mchana tukachomelea kwa umeme mkubwa — ikatoboa tena. Nusura nilie. Sikulia.

Alhamisi, 12 Juni

Nimejua! Chuma kinashiba. Umeme ukiwa mdogo, koili inazuia vizuri. Ukiwa mkubwa, chuma kinajaa sumaku, hakipokei zaidi, na koili inabaki waya tu. Ndiyo maana kiwandani huacha mwanya kwenye chuma na kupachika kipande cha boksi gumu. Nikamuuliza Mzee kama kilikuwepo. Alikitupa! Takataka, anasema. Alikuwa anasafisha.

Nimekata jalada la nyuma la daftari hili, nimelipachika.

Taa ikang'aa kuliko jana. Mzee akacheka mpaka akakohoa: nimeharibu hata kile kidogo. Nikamwambia, nakuheshimu Mzee, ila taa haichomelei karasha. Mwanya unapunguza nguvu kwenye umeme mdogo ili isipotee kwenye mkubwa. Akasema kesho Didas ajaribu mwenyewe. Sawa!

Ijumaa, 13 Juni

Begi nimelifungasha mwenyewe, asinifungashie mtu. Liko mlangoni.

Naandika hapa hapa karakanani, juu ya goti, daftari linanikunjika. Didas anachomelea kwa umeme mkubwa, yuko kwenye kijiti cha tano. Hajatoboa! Mshono umelala vizuri. Anasema, "Dada, sasa hii ndiyo mashine." Mzee Jailos ameniangalia, akaliangalia begi, akainuka.

Yuko nyuma ya karakana, ameinamia lundo la takataka, anatafuta vipande vya boksi. Mwezi huu amesafisha mashine nyingine tatu. Zote zimeshachukuliwa na wenyewe.