Hodi ya Tatu

Jumatatu, 4 Machi 1985
Kutwa nzima na mpangaji. Mwalimu Kazungu wa Sabaki, anahamia mjini na mkewe. Nikampeleka nyumba ya Bi Zuhura, iliyofungwa tangu mamake afe. Sisi madalali wa hapa hupiga hodi tatu mlangoni, hata nyumba ikiwa tupu. Kwenye ya tatu hutajwa jina la mpangaji, nyumba imjue. Nimepiga mbili, Bi Zuhura akanikatiza na habari za bomba bovu. Ya tatu ikapotea hapo. Miguu yaniuma.

Jumamosi, 9 Machi
Wameniruka. Bi Zuhura na mwalimu wamekubaliana wenyewe, vyombo vimeshaingia. Na mimi ndiye niliyewakutanisha. Hasira mpaka chai imenishinda. Mke wangu Mwanaisha asema niwaachie Mungu. Sitaki.

Jumatano, 13 Machi
Mwalimu kanifuata barazani. Shikamoo ya nusu mdomo.
"Mzee Athumani, mbona waja kupiga hodi kwangu kila magharibi? Nikifungua, hupo."
Magharibi mimi niko msikitini, watu wananiona. Anasema ni sauti yangu, mpaka kikohozi. Hodi mbili, kisha kimya.
Nimecheka. Wakome.

Ijumaa, 15 Machi
Mke wa mwalimu amekimbilia kwao Sabaki. Baada ya swala watu wamenikwepa mkono. Wananong'ona neno nisilotaka kuliandika. Likininata, hakuna mlango utakaonifungukia mji huu, na kazi nyingine siijui. Naogopa.

Jumapili, 17 Machi
Nimekwenda kuimaliza ile hodi. Alasiri, jua bado kali. Mwalimu na Bi Zuhura wamesimama nyuma yangu. Ndani hakuna mtu, kufuli liko nje. Nikapiga hodi ya tatu, nikataja jina la mwalimu.
Ndani kukajibiwa, "Karibu."
Sauti yangu. Bi Zuhura akaketi chini mchangani. Mimi nikasema ahsante.

Jumatano, 20 Machi
Kule kumetulia. Mke wa mwalimu amerudi. Bi Zuhura ametangaza mtaa mzima kwamba bila Athumani hapangishi mtu. Leo wawili wamenitafuta. Salamu zimerudi, mikono imerudi. Nimefurahi kwelikweli.
Jioni nimefika nyumbani nimechoka, nikapiga hodi. Mwanaisha alikuwa jikoni.
"Si umeshaingia kitambo?" akasema.
Nimekaa barazani, naandika. Mlango uko wazi. Ndani kuna mtu anakohoa.